"Sawa, mama": binti yangu hanipi neno jingine

BARUA

Wapendwa washauri, Bwana asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Arua, nauza vitenge sokoni. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Juba kupitia Elegu, na nyumbani tunamwona siku nne au tano kwa mwezi. Kifungua mimba wetu ni msichana wa miaka 15, yuko S.2 (kidato cha pili) katika shule ya bweni. Huyo ndiye aliyenifanya niandike.

Likizo ya Mei tulikuwa bado marafiki. Usiku mmoja tukichambua karanga alinifungulia moyo. Aliniambia kuna mvulana wa kwaya ya shule aliyemwandikia barua, naye amemjibu, akaniuliza kama kupenda mtu ni dhambi. Kisha akasema jambo lililonitisha zaidi: kwamba akiomba hasikii chochote, ni kama anaongea na ukuta.

Nilishtuka. Nilimwambia Mungu hapendezwi na mambo hayo, aachane na huyo mvulana mara moja, na azidishe maombi. Halafu, kwa kuwa nilikosa amani, Alhamisi nikalipeleka jambo lile kwenye kikundi chetu cha maombi cha akina mama. Sikulipeleka kwa umbea, Mungu anajua, nililia mbele yao. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mama mmoja wa kikundi alimkumbatia binti yangu mbele ya wenzake akamwambia, "Tunakuombea, mwanangu, kuhusu yule kijana." Binti yangu alinitazama mara moja tu. Sijasahau yale macho.

Tangu siku hiyo amenifungia mlango. Adabu anayo: anaamka saa kumi na moja, anafagia, anapika, anapiga magoti kusalimia wageni. Lakini nikimuuliza shule ikoje, "Nzuri." Una shida yoyote? "Hapana." Nikimshauri, "Sawa, mama." Kwenye maombi ya asubuhi anafumba macho, na midomo pia.

Baba yake alipofika wiki iliyopita nilimweleza. Alimkalisha chini saa nzima, Biblia imefunguliwa kwenye Mithali, na mtoto alipoendelea kutazama sakafu baba akapandwa na hasira, akatafuta fimbo. Nilimzuia. Amerudi barabarani wakiwa hawasemeshani.

Shule inafunguliwa baada ya siku 16. Nifanye nini aongee nami tena? Halafu jana nikitandika kitanda chake nimeona daftari chini ya godoro. Sijalifungua. Je, nilifungue nijue yaliyo moyoni mwake? Na mdogo wake wa miaka 9, anayeongea kutwa kama kasuku, nifanyeje ili naye asije akanyamaza hivi?

Mama aliyefungiwa mlango, Arua

JIBU

Mama mpendwa, Bwana asifiwe sana.

Tuanze na daftari, maana hilo halingoji. Usilifungue. Lirudishe kama lilivyokuwa, na kuanzia kesho mwache atandike kitanda chake mwenyewe. Ukilisoma utajua yaliyoandikwa mpaka ukurasa wa mwisho, na baada ya hapo hutajua tena kitu. Wala hutaweza kuficha. Siku moja utamuuliza swali ambalo mtu asiyelisoma asingeliuliza, naye atakutazama tena kwa yale macho ya Jumapili. Ingekuwa tofauti kama ungeona dalili za hatari: anataja kufa, anajiumiza mwili, ana pesa au simu usiyojua imetoka wapi, au kuna mtu mzima anayemfuatafuata. Hapo mzazi anamuuliza ana kwa ana siku hiyo hiyo, na ikibidi kutafuta, anatafuta mbele ya mtoto, si kwa kuvizia. Katika barua yako hatuoni hata dalili moja ya namna hiyo.

Sasa tuje kwenye kufuli lenyewe. Binti yako hajaasi, na wala hajaishiwa maneno. Usiku ule wa karanga alikupa mambo mawili mazito kuliko yote aliyokuwa nayo. Siku chache baadaye moja likamrudia likitoka kinywani mwa mtu mwingine, mbele ya wenzake. Akajifunza kwamba kwako neno huingia kwa mlango wa mbele na kutoka kwa mlango wa nyuma. Mtu mzima angefanya vivyo hivyo: angeendelea kukusalimia vizuri, na angeacha kukuambia mambo yake.

Tunajua hukukusudia. Lakini "ombi la maombi" limekuwa njia ambayo siri nyingi za watoto wa Kikristo hupitia, na ni vigumu kuiona kwa sababu inafanyika tukiwa tumepiga magoti. Hapa Uganda tuna urithi wa walokole, tangu ule uamsho wa miaka ya 1930: kutembea katika nuru, mtu kusimama mbele ya ndugu na kutaja dhambi yake bila kuficha. Ni urithi tunaouheshimu. Angalia tu mpaka wake. Aliyesimama alitaja ya kwake. Ya mwanao si yako kuyaungama. Ukihitaji wenzako wakubebe, na utawahitaji, taja lako: "Niombeeni hekima, nina hofu juu ya ulezi wangu." Mungu hana haja ya kusikia habari za mvulana wa kwaya ndipo asikie kilio cha mama.

Luka 2 ina mama aliyekuwa na mtoto wa miaka 12, akampoteza, akamtafuta siku tatu. Alipomkuta hekaluni neno lake la kwanza lilikuwa swali: mwanangu, mbona umetutenda hivi? Kisha akasema alivyojisikia, kwamba yeye na baba yake walikuwa wakimtafuta kwa huzuni. Akajibiwa jibu ambalo, Luka anasema waziwazi, hawakulielewa. Akafanya nini na jibu asilolielewa? Aliyaweka hayo yote moyoni mwake. Mariamu alikuwa na ndugu na jamaa katika msafara waliosafiri nao, na angeweza kuwapelekea. Sisi tunaona hapo kazi yote ya mama wa kijana kwa ufupi: kuuliza, kusema hisia yako bila kutukana, kupokea jibu lisilokamilika, na kulitunza.

Basi, kazi yako ya kwanza haiko nyumbani. Kesho au keshokutwa, kabla hujamwambia binti yako lolote, mwendee yule mama kwake, wewe peke yako. Mwambie: "Dada, lile jambo la binti yangu nililileta bila ruhusa yake. Nimekosa. Naomba tusilitaje tena, hata kwa kumwombea kwa sauti, hata kwake mwenyewe." Usimlaumu kwa kumkumbatia, alidhani anapenda. Akikuuliza yameishia wapi, jibu kwamba umemwachia Bwana, kisha muulize habari za shamba. Alhamisi sema maneno hayo hayo kwa kikundi, sentensi mbili, ukae. Tunakutanguliza huko kwa sababu binti yako ataamini jambo lililokwisha kufanyika, ahadi ameshazisikia. Kwa siku zako 16, hii ina maana unazungumza naye Ijumaa au Jumamosi, si leo usiku.

Kuna wazazi watakaosoma hapa na kusema mzazi akimwomba mtoto radhi atapandwa kichwani. Yakobo 5:16 inatuagiza tuungamiane dhambi zetu, na haikuweka umri. Mtoto hupoteza heshima kwa mzazi anayekosea na kujifanya hajakosea, kwa kuwa yeye aliona.

Namna ya kuliomba ina ufundi wake. Usimwite "njoo ukae hapa". Kiti kwa kiti, uso kwa uso, kwa kijana ni mahakama, na juzi tu ametoka kwenye mahakama ya baba yake. Tafuta kazi ya mikono inayowaweka pamoja, macho yakiwa mahali pengine. Karanga ziache kwanza, zina kumbukumbu. Wewe unauza vitenge: kipande cha yadi 6 mtu mmoja hakikunji vizuri. Mwite akusaidie kukunja mzigo wa sokoni. Kila mmoja anashika pembe zake mbili, mnavuta kitambaa kinyooke, mnasogeleana pembe zikutane, anakuachia, anainama kushika pindo la chini, mnarudi nyuma tena. Hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake, na hakuna anayeweza kuondoka katikati. Kwenye kipande cha tatu au cha nne, sema:

"Mwanangu, mwezi wa tano uliniambia mambo yako kwa kuniamini. Nikayapeleka kwa watu bila kukuuliza. Ukaaibika mbele ya wenzako. Nilikosea. Nimeshamwendea yule mama nikamwambia asilitaje tena, na Alhamisi nimewaambia wote. Kuanzia leo utakaloniambia halitatoka kwangu. Likiwa ni la kuhatarisha maisha yako nitalazimika kutafuta msaada, lakini nitakuambia wewe kwanza kabla sijamwambia mtu."

Haifiki dakika moja. Kisha endeleeni kukunja.

Yanayoharibu hapa tunayajua kwa majina. La kwanza ni neno "lakini": nilikosea, lakini na wewe... Hapo umefuta yote. La pili ni kujitetea kwa upendo, "nilifanya vile kwa kuwa nakupenda", maana anabaki akijiuliza kama upendo wako ndio wenye midomo. La tatu ni kulia mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza wewe. Machozi yakija, yaje, ila usimpe kazi ya kuyafuta. La nne ni kuuliza "umenisamehe?" papo hapo. Na la tano, ambalo sisi Wakristo tunateleza nalo sana, ni kumsomea aliyeumizwa mstari wa kusamehe saba mara sabini. Mstari huo ni wa kweli, lakini aliyeumiza si mtu wa kuusoma. Mwachie Roho Mtakatifu na mhubiri wa Jumapili.

Atakujibu "Sawa, mama." Jiandae kwa hilo, usikate tamaa. Sema "Asante kwa kunisikiliza", na uulize hiki cha bluu tukiweke juu au chini.

Baada ya hapo ni kungoja, na huku ndiko wazazi wengi wanakoharibu kazi nzuri. Mithali 20:5 inasema shauri la moyoni mwa mtu ni kama maji ya vilindi, na mwenye ufahamu huyateka. Unajua kisima cha pampu asubuhi: unapiga mpini mara tano, mara kumi, unasikia chuma kinakoroma tu chini, hakitoki kitu. Anayeacha kwenye mpigo wa kumi anaenda nyumbani akisema kisima kimekauka. Kwa hiyo siku nne au tano hivi usiulize swali lolote la moyoni. Uliza yale yasiyo na uzito: chumvi imetosha? Twende na boda au kwa miguu? Kaeni karibu na sigiri bila kuhubiriana. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja mahali pa kufundishia watoto: uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Hakuna hapo kikao maalumu. Njia ya kwenda sokoni na kurudi ni darasa tosha.

Kisha atakupima. Hatakuja na la kwake, atakuja na la mtu mwingine. "Kuna msichana wa bweni letu, amefukuzwa kwa kuwa na simu." Au, "Mama, kuna mwenzetu anasema haamini tena." Huo ndio mtihani wako, na unaanza kabla hujajua umeanza. Ukisema "Mnaona! Ndiyo maana mimi husema...", umeanguka. Ukisema "Huyo ni wewe, si ndiyo?", umeanguka vibaya zaidi. Fanya hivi: endelea na kazi ya mikono, hesabu kimya mpaka kumi, rudia alichosema kwa maneno yako, uliza swali moja, nyamaza.

"Amefukuzwa katikati ya muhula?"

"Ndiyo. Na mamake alikuja akampiga mbele yetu."

"Mbele yenu wote. Wewe ulijisikiaje kuona vile?"

Hapo unafunga mdomo. Ukimya wa nusu dakika utakuuma, uvumilie. Mara nyingi jibu lenyewe huja baada ya ule ukimya, na mzazi aliyeujaza kwa ushauri halisikii kamwe. Mithali 18:13 inamwita anayejibu kabla hajasikia kwa jina kali, na Yakobo 1:19 ameweka wepesi kwenye kusikia tu. Maswali yanayoanza na "kwa nini" yapunguze, maana kwenye sikio la kijana "kwa nini" ni mashtaka. "Ilikuwaje?" na "ukafanyaje?" hufungua zaidi. Na jioni ile, huyo msichana aliyefukuzwa asitajwe kwa jirani. Yeye anasikiliza kama atatajwa.

Siku ya nane au ya tisa hivi, awe amefunguka au la, rudi kwenye deni lako. Utaona kwamba mwezi wa tano alikuuliza maswali, wewe ukampa amri. Maswali yake bado hayajajibiwa. Mwambie: "Uliniuliza kuhusu kupenda, na kuhusu kuomba. Sikukujibu. Siku utakayotaka, nipo." Usianze kujibu asipotaka.

Akitaka, la kupenda ndilo rahisi. Kuvutiwa na mvulana akiwa na miaka 15 si dhambi, ni mwili na moyo vinavyokua jinsi Mungu alivyoviumba. Wimbo Ulio Bora umo ndani ya Biblia, na humo humo mna onyo la kutoyachochea mapenzi kabla ya wakati wake. Mpe yote mawili, ukimpa onyo peke yake atajua umemficha nusu. Muulize kwanza anachopenda kwa yule kijana, usicheke, usikunje uso. Kisha yazungumzeni yanayoshikika: kutokuwa naye mahali pa peke yao, kutopokea pesa wala zawadi asiyoweza kukuonyesha, na kutoandika barua zaidi ya zile ambazo hangeona haya zikisomwa na mwalimu, maana shuleni huweza kusomwa. Mambo ya mwili wengi hapa humwachia shangazi, Baganda wakimwita ssenga, na shangazi mwenye busara na mdomo mzito ni baraka. Ila aende kwake kwa kupenda, na wewe uwe umeshayagusa mwenyewe, asije akadhani kwako hayasemeki. Mwambie pia wazi kwamba kwa sheria ya Uganda kufanya mapenzi na mtoto wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na kwamba mtu mzima anayemtaka, awe mwalimu, bodaboda au mtumishi wa kanisa, ndiye mwenye kosa, si yeye. Jambo la aina hiyo ndilo lile ulilomwambia huwezi kulificha. Namba 116, inayoitwa Sauti, hupigwa bure nchi nzima kwa ajili ya watoto. Mwandikie ukutani kwenye kalenda, bila hotuba.

La maombi lilikutisha zaidi, na hapo tunakuomba utulie. Mtoto anayesema "ni kama naongea na ukuta" bado anaongea. Daudi aliuliza katika Zaburi 13 Bwana atamsahau hata lini, atamficha uso wake hata lini, na kanisa halikuuondoa wimbo ule kitabuni. Someni zaburi hiyo pamoja, ina mistari sita tu. Usiifafanue. Mwambie: "Hata Biblia inajua unavyojisikia." Kama wewe mwenyewe umewahi kupita ukavu huo, mwambie kwa sentensi moja, ya kweli. Na acha kabisa kumwona mdogo mno kwa imani. Kila tarehe 3 Juni nchi nzima inaelekea Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, tunamheshimu Kizito aliyechomwa moto pale mwaka 1886 akiwa na miaka 14 hivi. Halafu tunarudi nyumbani kumwambia wa miaka 15, "Wewe mtoto, utajua nini?"

Maombi ya asubuhi nayo yatengeneze. Dakika 15 zinatosha saa kumi na moja alfajiri. Wekeni kanuni moja, na wewe ndiye uitangaze: hakuna kumwombea mtu aliyepo chumbani jambo ambalo hakuomba aombewe. Wazazi wengi hufunga macho na kumwambia Mungu yale wanayotaka mtoto ayasikie, "Bwana, mguse huyu anayekaza shingo," na mtoto anajua kabisa barua hiyo imeandikiwa nani. Mwachie asome andiko, kusoma ni rahisi kuliko kuomba. Akinyamaza wakati wa kuomba, anyamaze. Hana, mama yake Samweli, naye hakutoa sauti, na kuhani Eli akamdhania amelewa.

Kuhusu baba. Hatuna shaka kwamba anampenda, mtu hapotezi saa nzima ya siku zake nne nyumbani kwa mtoto asiyempenda. Lakini Waefeso 6:4 na Wakolosai 3:21, zote mbili, zinawaambia akina baba wasiwachokoze watoto, na ile ya Wakolosai inataja matokeo: wasije wakakata tamaa. Mtoto anayetazama sakafu saa nzima ameshafika karibu na hapo. Fimbo sasa ingemfanya aseme, ndiyo, angesema chochote cha kuisimamisha, na hicho sicho mnachokitafuta. Mwombe mumeo asome 2 Samweli 14. Daudi alimrudisha mwanawe Absalomu kutoka Geshuri alikokuwa amekimbilia, akamruhusu akae Yerusalemu, lakini akaagiza asiuone uso wake. Miaka miwili kamili mtoto anaishi mji mmoja na baba yake bila neno. Kijana alimwita Yoabu, jemadari wa Daudi, mara mbili amwombee kwa baba yake, Yoabu hakuja, ndipo Absalomu akaagiza shamba la shayiri la Yoabu litiwe moto ili asikilizwe. Daudi alilia "mwanangu, mwanangu" baadaye, lakini aliyeliliwa alikuwa ameshakufa. Kurudishwa nyumbani bila kusemeshwa ndiko kulikouandaa uasi wa Absalomu dhidi ya baba yake, ndivyo sisi tunavyoisoma sura hiyo.

Dereva ana jambo moja ambalo baba wa ofisini hana: saa za kungoja. Lori likiwa kwenye foleni ya mpakani Elegu, apige simu. Dakika kumi, mara mbili kwa wiki, aombe kuongea na binti, si na wewe kwanza. Simu ya kwanza iwe fupi sana: "Juzi nilikasirika kupita kiasi. Kutafuta fimbo halikuwa jambo zuri. Naendelea kuwa baba yako." Baada ya hapo amweleze yeye ya barabarani, mvua, tairi, chakula alichokula Nimule. Mzazi anayetaka kuambiwa siku ya mtoto aanze kwa kutoa siku yake. Namba za darasani zisiulizwe kwenye simu hizo. Na tafadhali usimsimulie mumeo kila atakachokuambia binti. Mwambie hali, "anaendelea vizuri, tumeanza kuongea", na yaliyomo mwachie binti amwambie baba mwenyewe.

Mdogo wake wa miaka 9 hatakuchukua muda, lakini usimsahau. Mtoto wa umri huo anapokueleza kwa dakika nane jinsi mpira ulivyoingia kwenye choo cha jirani, anajaribu kama sikio lako linafanya kazi. Weka simu chini, mtazame, uliza "halafu?" mara mbili. Ukiwa na wateja, mwambie ukweli, "nina mteja, nieleze tukipika," na mkipika umkumbushe wewe. "Baadaye" isiyofika ndiyo inayowanyamazisha wadogo. Na usimtume hata siku moja kuchunguza dada yake, anaongea na nani, anaandika nini. Utapoteza wote wawili.

Siku ya kufungua shule, kwenye stendi, mwombee kwa maneno machache aliyokuruhusu. Muulize usiku wa kabla yake: "Kesho nikuombee nini?" Akisema "chochote", mwombee safari na usingizi. Muhula ukianza mwandikie barua ya karatasi, ukurasa mmoja kila baada ya wiki mbili hivi, habari za nyumbani tu, bei ya vitenge, kuku aliyetotoa, bila kitu ambacho hungependa matroni akisome. Siku ya kutembelea, fika mapema, peke yako na mdogo wake kama inawezekana, bila kundi la majirani. Beba kuku na chapati, kaeni chini ya mti, mwache ale. Nusu saa ya kwanza usiulize ripoti wala mvulana, mwulize tu ni nani kati ya wenzake hajatembelewa leo, na kama angependa mmwite aje ale nanyi.